Mwisho wa Hadithi Nilioukata

Jumamosi, alasiri

Mwanangu Filipo,

Wewe na mama yako mko Ngamiani, mjini Tanga, hivi sasa, mmekwenda kutafuta blanketi zito, maana wanasema kule Amani, milimani uendako kazini kesho, ukungu huingia mpaka kitandani. Barua hii nitaikunja niitie ndani ya blanketi hilo, uikute ukifika. Habari za kuamka mapema, kumwamkia mkubwa wako wa kazi, na kufua shati Jumamosi ulivae Jumapili, hizo nimezipita. Mama yako atakwambia zote, na atazirudia lori likiwa limekwisha kuwashwa. Mimi nina jambo moja, nami nimekaa nalo tangu ulipokuwa na miaka tisa.

Unalijua, ulikuwepo. Lakini unalijua kwa upande wako, mtoto aliyepigwa. Nataka ulijue na kwa upande wangu, usije ukakaa siku moja huko milimani ukasema, labda baba alikuwa hajui alilokuwa akifanya. Nilijua.

Nianze na bibi yako, maana hadithi ilikuwa yake. Mama yangu alikuwa mtu wa pwani, wa Mtang'ata, Mwislamu asiyeacha swala hata akiwa na homa. Baba yangu, Mbondei, ndiye aliyenitia shule ya misheni. Nilipobatizwa nikaitwa Yohana, mama hakugomba. Alisema tu, “Haya. Mungu ni yule yule. Usije ukamfanya mdogo.” Mimi nikayaona ni maneno ya mtu asiyesoma.

Nilipokuwa mwalimu kijana, mapadre walitufundisha kuzitazama upya hadithi za wazee wetu. Walituambia tutafute ndani yake mahali panaposema Sheria, ile inayomhukumu mtu, na mahali panaposema Neema, ile inayompa mtu asichostahili. Sijapata kufundishwa jambo likanipendeza kama hilo. Nilinunua daftari nene. Kila hadithi niliyoikumbuka niliiandika, na chini yake nikaandika neno moja, Sheria au Neema. Ukilifungua daftari lile leo utaona Sheria, Sheria, Sheria, kurasa kwa kurasa. Nilidhani hiyo ilikuwa kasoro ya hadithi zetu. Tena nilidhani mtu asiyebatizwa, kama mama yangu, ataijulia wapi neema?

Sasa hadithi yenyewe. Unaijua kuliko mimi, lakini niache niiandike angalau mara moja jinsi ilivyo.

Hapo kale mji ulikuwa na moto mmoja, unakaa uani kwa Jumbe, na kila nyumba huulinda na huchukua hapo moto wa kupikia. Jumbe akaweka sheria: atakayeulinda ukamzimikia, atatolewa mjini, miguu mitupu, bila maji, na hakuna mlango utakaofunguliwa kwa ajili yake. Watu wakakubali. Wakaulinda kwa zamu, miaka. Ikaja masika, mvua ya siku nyingi, na zamu ikamwangukia mwanamke mzee, yaya aliyemnyonyesha Jumbe mwenyewe. Akasinzia. Kulipokucha jivu lilikuwa baridi. Mji mzima ukajaa uani, unangoja, maana kila mmoja alijua yule mzee ni nani kwa Jumbe. Jumbe akauliza, “Sheria inasemaje?” Wakasema, “Inasema atoke.” Akasema, “Basi atoke.” Mzee akavua viatu, akatoka.

Mimi darasani niliishia hapo. Nikawaambia watoto, “Mnaona? Sheria haimjui aliyekunyonyesha.” Wakanyamaza kimya kabisa, nami nikaupenda ukimya ule. Niliutumia kama watu wengine wanavyotumia kiboko.

Lakini bibi yako hakuishia hapo. Ulilala kwenye mkeka wake tangu ulipoachishwa ziwa, na ulisikia mwisho wake mara nyingi kama nilivyousikia mimi. Yaya alipofika langoni, Jumbe alivua kilemba akakiweka kitini. Akavua makubadhi. Akatoka nyuma yake. Watu wakapiga kelele, “Jumbe, unakwenda wapi? Si umehukumu wewe?” Akasema, “Sheria imesema atoke. Haikusema atoke peke yake.”

Mwisho huo niliukata kwa makusudi. Niliogopa watoto wangeona kuwa mkosaji hupata mwenzi wa safari, wakalegea. Na chini ya hofu hiyo palikuwa na jambo baya zaidi: niliona haya kwamba mama yangu, na ushungi wake na tasbihi yake, alikuwa amelijua kabla yangu lile nililokuwa nikitembea na daftari kulitafuta.

Ile siku Padre alikuja kuketi nyuma ya darasa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba akiridhika nitafanywa mwalimu mkuu. Nilivaa koti. Nilichagua hadithi ya moto kwa sababu haikuwahi kuniangusha. Nikaifikisha langoni, nikafunga kitabu, watoto wakanyamaza, Padre akaitikia kwa kichwa. Nawe ukanyoosha mkono.

“Mwalimu,” ukasema, maana shuleni nilikukataza kuniita baba, “bado haijaisha. Bibi anasema Jumbe alimfuata.”

Watoto wakacheka. Nikasema, “Kaa chini.”

Padre akasema, “Hapana, mwache. Alimfuata namna gani? Sema, mtoto.”

Ukasimama ukaimaliza. Hukusita hata mara moja. Ulipofika pale pa “haikusema atoke peke yake” uliishusha sauti kama bibi yako anavyoishusha. Padre akainuka kitini, uso umemwiva kwa furaha. “Lakini Mwalimu, hii ni Injili! Injili yenyewe, nzima! Kwa nini umeiacha?”

Mbele ya watoto arobaini nikadanganya. Nikajibu kwamba nimesahau. Akacheka, akanipiga begani, akasema, “Basi mwanao atufundishe sote.” Alisema kwa wema. Mimi nilisikia nimevuliwa nguo.

Nilikungoja nyuma ya jiko. Mama yako alikuwa bondeni kwenye mpunga. Ulikuja ukiruka, umefurahi, ulidhani nitakusifu. Hilo ndilo linalonijia kila Jumapili ninapopiga magoti, kwamba ulikuja ukikimbia. Ukasema, “Baba, umemsikia Padre?” Nikakupiga kofi. Ukanitazama tu, hukulia. Nikakupiga tena hapo hapo, upande ule ule wa kushoto, kwa mkono uliofunguka wote. Nikakupiga ya tatu. Ya nne nakumbuka niliipima. Nilivuta mkono nyuma, nikaona damu imeanza kutoka sikioni, na bado nikaushusha. Mtu akikwambia kuwa hasira humpofusha mtu, usimwamini kwa habari yangu. Niliona vizuri kabisa.

Kisha nikaogopa. Nikakuweka mgongoni nikakimbia nawe mpaka dispensari ya misheni, na njia nzima nilikuwa nikitunga la kusema. Sikupata. Dresa, yule wa kufunga vidonda, alikusafisha, akakuuliza, “Umefanyaje, mdogo wangu?” Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ukanitazama. Ukasema, “Nimeanguka kwenye mfenesi. Ule wa misheni.”

Sikukuambia useme hivyo. Sikukukonyeza. Ulikuwa na miaka tisa, kichwa kinakuvuma, ukautafuta uwongo utakaonifunika mimi, na ukautoa.

Lakini ulikosea mti. Mwaka uliotangulia mtoto mmoja alikuwa ameanguka kwenye mfenesi ule akavunjika mguu, na Padre akatangaza kwamba atakayeupanda atapigwa viboko sita mbele ya shule yote. Dresa akapeleka habari, kwa kuwa ilikuwa kazi yake. Jioni Padre akaniita. Alikuwa mwenye huzuni kweli.

“Mwalimu, ni mwanao, na ni mgonjwa. Lakini tukimwachia yeye, wengine watasemaje?”

Pale, Filipo. Pale palikuwa na mlango. Ningesema maneno matatu tu. Ningesema, hakupanda, mimi nimempiga. Ningekosa ukuu wa shule, labda ningekosa na kazi.

Nikasema, “Sheria ni sheria, Padre.”

“Nani atamchapa? Nimwite mwalimu mwingine?”

“Nitamchapa mimi.”

Nilijiambia kwamba mkono wangu utakuwa mwepesi kuliko wa mwingine. Haukuwa mwepesi. Padre alikuwa anatazama, na watoto walikuwa wanahesabu kwa sauti kama ilivyokuwa desturi, nikaona kwamba nikipunguza nguvu watajua. Ulikuwa na pamba sikioni. Walipofika “sita” ulisimama, ukageuka, ukasema kama mlivyofunzwa nyote kusema, “Ahsante, Mwalimu.”

Mwezi ule ule nikafanywa mwalimu mkuu.

Sikio lilitoa usaha mwaka mzima, kisha likakauka, na lilipokauka lilikuwa limekufa. Mama yako alikuwa akikutilia mafuta ya nazi ya vuguvugu kila asubuhi na kukusomea sala. Mimi nilikuwa namshikia taa.

Bibi yako hakuhitaji kuambiwa. Alikuta damu kwenye udongo wa ukuta wa jiko. Akaniita chumbani kwake, akakaa kitandani, mimi nikakaa chini, mtu mzima mwenye koti. Akaniuliza, “Yohana, mwana huyu alipanda mti?” Hakuwa amepata kuniita Yohana kabla ya siku hiyo, kwake nilikuwa Juma siku zote. Nikasema, “Ndiyo, mama.” Akaniuliza mara ya pili. Nikasema, “Ndiyo, mama.” Akasema, “Sikuapizi, maana apizo la mama ni kitu kizito, na una watoto. Lakini radhi ya maziwa yangu leo huna.” Akafunga khanga zake, akarudi Mtang'ata kwa kaka yake. Wewe ulilia siku nyingi, ukaambiwa bibi amechoka na baridi ya huku kwetu.

Nilimfuata mara mbili. Alinipikia, akanipakulia wali na samaki, akaniuliza hali yako, sikio lako, masomo yako. Nikitaka kusema jambo, anainuka kwenda kutia udhu. Mara ya tatu nilikuta kaburi, na mjomba akaniambia amezikwa tangu juzi, walidhani sitakuja. Sikuuliza kama aliniachia neno. Niliogopa kwamba aliacha, na niliogopa kwamba hakuacha.

Nadhani umejiuliza kwa nini sijakuomba radhi miaka yote hii. Nimekuomba. Siku ile tunachuma machungwa, ulipokuwa juu ya ngazi. Siku tunatoka Muheza kwa miguu, mvua inanyesha. Na siku ya tatu nitaisema hapa chini. Kila mara nilisema maneno yote, na kila mara nilikuwa nimesimama kushoto kwako. Mara moja uligeuka ukauliza, “Umesemaje, baba?” Nikasema, “Nasema mvua haitakatika leo.” Sasa unajua kwa nini naandika.

Hiyo ya tatu ni siku ya daktari, kule Tanga. Ulikuwa umefaulu mitihani yote, chuo cha ualimu kimekuandikia nafasi, limebaki jambo la kupimwa mwili. Tangu utotoni hukutaka kazi nyingine. Daktari akakuwekea saa kwenye sikio la kulia, ukasema unasikia. Akaiweka kushoto, ukakaa kimya, ukitabasamu kidogo kama mtu anayengoja kuanza. Alikuwa ameiweka muda mrefu. Ndipo ukafahamu.

Akauliza limeharibikaje. Ukasema, “Nilianguka mfenesini nikiwa mtoto.” Ulikuwa mtu mzima sasa, una ndevu. Miaka imepita, na bado unanifunika. Daktari akanigeukia. “Kweli, mzee?”

Nikasema kweli.

Akaandika. Chuo kikajibu kwamba mwalimu lazima asikie darasa zima. Ndiyo maana kesho unakwenda Amani kuandika majina ya miche kwenye vibao, kazi ya heshima, sikatai, lakini si yako. Nimekunyang'anya sikio, kisha kwa sikio hilo nikakunyang'anya darasa. Tulipotoka kwa daktari nilikusihi unisamehe, kwa sauti kubwa kabisa, barabarani, magari yanapita, upande wa kushoto.

Jumatatu hii nilikwenda kwa Padre. Amezeeka, anajiandaa kurudi kwao. Nikamweleza yote bila kukalia kiti: makofi manne, mti ambao hukuupanda, viboko, mama, daktari. Nilitaka anihukumu. Nilikuwa nimevaa kanzu ya zamani kusudi, niache koti nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani. Kisha akanimiminia chai.

“Mwalimu,” akasema, “ni miaka mingi. Umetumika vizuri. Mungu amekwisha kukusamehe. Tusiichafue shule kwa mambo ya kale.”

Nikasema, “Na mtoto je, Padre?”

“Mtoto amepata kazi, sivyo? Kunywa chai.”

Nikainywa. Ilikuwa na sukari nyingi. Wewe ulipata viboko sita kwa kosa ambalo hukulifanya, na mimi kwa kosa langu nikapewa chai. Nilirudi nyumbani nikilifikiria neno lile nililolitafuta kwa daftari, na nikaona kwamba Padre amenipa neema bila kukuuliza wewe, kama mtu anayegawa shamba la mwenzake.

Basi jana, Ijumaa, niliwakusanya watoto wa madarasa yote. Nikawahadithia hadithi ya moto mpaka mwisho wake. Kisha nikawaambia ni nani aliyeukata mwisho huo, na ni nani aliyeusema akapigwa, na alipigwa na nani. Nilikutaja jina. Nimekukosea kwa hilo pia, kwa kuwa sikukuomba ruhusa, lakini jina lako limekaa kwenye kitabu cha adhabu cha shule ile miaka yote kama la mtoto mkaidi, nami nilitaka litoke humo kwa kinywa kilicholiingiza. Walimu wenzangu walitazama chini. Wavulana wakubwa wawili walicheka, wakaacha.

Msichana mmoja wa darasa la tatu, mdogo, mtoto wa mpika mikate, akanyoosha mkono. Nikamwambia, “Sema, mtoto.”

“Mwalimu, Jumbe alipomfuata yule bibi, bibi alimkubali?”

Nikasema sijui. Akasema, “Maana huenda bibi alikuwa hataki kwenda naye. Yeye ndiye aliyemtoa.”

Filipo, miaka yote nimeichambua hadithi ile, na swali hilo halikuwahi kunipitia. Mama yangu hakulisema. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa, nikwambie ukweli: nilikuwa nimepanga kupanda lori nawe kesho, nikae nawe siku chache kule Amani, nikutengenezee kitanda, nijione kama Jumbe aliyevua makubadhi. Yule mtoto alinizuia. Huyo Jumbe katika hadithi alifuata bila kukaribishwa, na labda yeye aliweza, kwa kuwa alikuwa hajampiga mtu. Mimi sitapanda lori. Nitakuja siku utakayoandika nije, na kama hutaandika sitakuja, wala sitamtuma mtu kukuulizia.

Nimemwandikia Padre kwamba siendelei na shule. Atakasirika, maana alikwisha kunisamehe. Nitalima machungwa.

Nina ombi moja, si la msamaha, hilo sikudai. Huko uendako watu watakuuliza juu ya sikio, maana utawageuzia kichwa wakisema nawe. Usiutaje tena mfenesi. Sema ni baba yangu, mwalimu Yohana, alinipiga kwa sababu nilimaliza hadithi. Sema hivyo hivyo hata kama nipo na ninasikia. Umenifunika vya kutosha, na kila uliponifunika nilizidi kuwa mtu mbaya chini yake.

Liko jambo ambalo hulijui. Mama yako hajui kwamba ni mimi niliyekupiga. Watoto wa shule wamekwisha kujua, na kwa kuwa jana alikuwa akipakia mizigo yako na leo mko Tanga, habari haijamfikia, lakini haitapita Jumatatu. Miaka hii yote, kila anapotaka kunisifu kwa jirani, husema, “Baba Filipo? Mtoto alipoanguka alimbeba mgongoni mbio mpaka dispensari, hakupumzika njiani.” Hulisema akinishika mkono, na mkono anaoushika ni huu wa kulia. Kesho lori likishapinda kona ya kanisa, kabla hajafuta machozi ya kukuaga, nitamketisha barazani nimwambie. Sijui kama atalala nyumba hii, wala sijui kama mimi nitalala humo. Ukipata barua ya mama yako kabla ya nyingine yangu, iamini yake.

Ni mimi baba yako, niliyekupiga,

Yohana